Mwaka wa tatu tunaishi kwenye boti Msasani na watoto wawili, na muhogo ndio uliotuokoa

MamaNgama (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye mjadala wa kodi za nyumba nilichomekea kwamba sisi hatuna mwenye nyumba, tunakaa majini. Wengine wakaniita muongo, wengine wakanifuata faragha kuuliza choo tunafanyaje. Nimeona niweke yote hapa nisirudie rudie.

Tuko wanne: mimi, Baba Watoto ambaye ni fundi wa injini za boti, binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5. Boti ni ya mbao, urefu mita 11. Ilikuwa inapeleka watalii Bongoyo na Mbudya mpaka injini ikafa na mwenyewe akaichoka. Tuliinunua kwa fedha ya kiwanja chetu cha Chanika. Mama mkwe alilia siku tatu, na si kwa ajili ya wajukuu, ni kwa ajili ya kiwanja.

Kilichotusukuma ni kodi. Mwenye nyumba alipandisha halafu akataka mwaka mzima kwa mkupuo. Baba Watoto kazi zake zote ziko ufukweni, akasema bora tulale kazini. Hakuna mapenzi ya bahari hapo wala nini. Mimi mtu wa Singida, bahari niliiona kwa macho nikiwa na miaka 19.

Nilichojifunza ni kwamba kwenye boti kila kazi ya mkono ni kazi ya maji. Ama unazuia ya chumvi yasiingie, ama unatafuta ya baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kunywa, ama unakinga ya mvua yasilowanishe godoro. Ukidhani leo unatengeneza kabati tu, subiri.

Nianze na usiku wa muhogo. Ilikuwa mwaka wa pili, mwezi wa Julai, upepo wa kusi unavuma. Saa nane za usiku mdogo akashuka kitandani kwenda kukojoa, akaniita: "Mama, sakafu imelowa." Nikajua keshamaliza shughuli. Nikashusha mguu, maji yamefika kwenye kifundo. Nikachovya kidole nikaonja. Chumvi.

Ninyi wa nchi kavu hamuijui hofu ya kuonja maji ya sakafuni.

Tukang'oa mbao za sakafu. Kule chini kabisa, kwenye ngama, kuna tundu la inchi moja tulilotoboa wenyewe ili kuvuta maji ya bahari ya kuoshea vyombo. Tulilifunga koki ya shaba ya njano, ile ile ya bomba la nyumbani, tuliyonunua Kariakoo na kujisifu kwamba tumeokoa pesa. Ilikuwa na miezi kumi na minne. Baba Watoto alipoigusa ikabaki mkononi mwake, imekatika kama biskuti, na pale ilipokatikia imegeuka rangi ya waridi.

Mtauliza, pampu je? Ipo, na ina kiboya kinachoiwasha yenyewe maji yakipanda. Usiku ule kiboya kilikuwa kimebanwa na mguu wa mdoli.

Tukajaza soksi, ikatemwa. Tukajaza tambara, likatemwa. Jioni ile nilikuwa nimenunua mihogo ya kupika na nazi. Baba Watoto akachukua mmoja mnene, akauchonga ncha kama anachonga penseli, akauvika kipande cha khanga yangu, akaugongea tunduni kwa nyundo. Maji yakasimama papo hapo. Tukafua maji kwa ndoo mpaka adhana ya alfajiri (huku kutoa maji botini wanaita kufua, nilipofika nilidhani wanasema nguo). Binti akaenda shule na sare mbichi.

Simu inakata, naendelea kesho jua likitoka.


KijanaWaTandika

Hii chai ina tangawizi na mdalasini. Muhogo uzuie Bahari ya Hindi? Weka picha.


FundiBomba77

Mleta uzi hajadanganya kuhusu koki. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa kopa na zinki. Ikikaa kwenye maji ya chumvi, zinki inatoka kidogo kidogo, kinachobaki ni kopa yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje inaonekana nzima, hata inang'aa, kumbe ndani imeshakuwa chaki. Ile rangi ya waridi ndiyo dalili. Ikwaruze kwa kisu: ukiona njano iko salama kwa leo, ukiona waridi ing'oe. Chini ya mstari wa maji weka bronzi, au zile za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya boti. Koki ya sinki iache sinki.

Halafu kijana wa Tandika, piga hesabu kabla ya kucheka. Tundu la inchi moja, nusu mita chini ya maji, linaingiza karibu lita 60 kwa dakika. Hayo ni madumu matatu ya lita 20 kila dakika moja. Huyo dada angelala nusu saa zaidi tungekuwa tunasoma habari nyingine.


KijanaWaTandika

Dah. Nimefuta kicheko.


NahodhaMstaafu

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, chombo nimeanza kupanda kabla sijaota ndevu. Bibie, muhogo umefanya kazi kwa sababu muhogo mbichi ni mgumu lakini unakubali kubonyea. Hata karoti hufanya. Ila ni wa usiku mmoja tu, ukikaa unaoza na siku utakayousahau ndiyo utakayozama.

Kila tundu la chombo chako lichongee kizibo cha mti laini, mwembamba mbele mnene nyuma, ukifunge kwa kamba pale pale ubavuni mwa tundu. Usikiweke kwenye sanduku la vifaa. Usiku wa giza na maji magotini hakuna mtu anayeliona sanduku.

Na ile "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ambayo watu wa bara mnaandikiana kwenye khanga, wewe sasa unaijua kwa miguu. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na maji yote na uchafu wote mwisho wake hukutana ngamani. Hata mdoli.


MamaNgama

Shikamoo mzee wangu. Vizibo tunavyo sita sasa, vya paini, kila kimoja na kamba yake. Na pampu tumeijengea kizimba cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, mdoli hapiti. Pia tumeongeza kiboya cha pili juu kidogo ya cha kwanza, hicho hakiwashi pampu, kinapiga honi ya bodaboda. Kikilia majirani wote wanaamka. Kimelia mara moja tu, mdogo alipokuwa anakijaribu.

Na lile tundu la kuvutia maji tumeliziba moja kwa moja. Sasa nachota maji ya bahari kwa ndoo na kamba kama bibi yangu kisimani. Tundu lisilokuwepo halivuji.

Haya, maji ya baridi. Tuna matangi mawili ya plastiki ya lita 250 chini ya vitanda. Wanne tunatumia lita 60 kwa siku, na hapo tumebana sana. Vyombo naosha kwa maji ya bahari, nasuuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Sabuni ya mche sahau, kwenye maji ya chumvi haitoi povu, inaganda tu kama maziwa yaliyochacha. Ya maji ya kuoshea vyombo inakubali.

Miezi ya kiangazi Baba Watoto anavusha madumu kutoka ufukweni, kumi kwa safari. Masika ikija ndipo raha yangu. Tumeshona turubai la mita tatu kwa nne linalofunika sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, katikati tumelitoboa na kutia mpira unaoshuka tangini. Hesabu yake rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo turubai letu la mita 12 za mraba, mvua ya milimita 20 inatupa lita 240, karibu tangi zima, usiku mmoja tukiwa tumelala. Dakika kumi za kwanza acha yamwagike, yanaosha chumvi na mavi ya ndege. Mara ya kwanza sikuacha. Chai ya asubuhi ilihitaji ujasiri.

Choo, maana najua ndicho mlichokuja kusoma. Dumu na ndoo ndani ya sanduku la mbao lenye kiti. Kiti kina mgawanyo, haja ndogo inakwenda kwenye dumu la mbele, kubwa inakwenda kwenye ndoo ya nyuma na kufunikwa kwa unga wa mbao kila mara. Vikichanganyika ndipo harufu inapoanza, vikitenganishwa hakuna. Unga wa mbao nachukua Keko kwa mafundi wa fanicha, gunia zima wananipa bure na kunicheka. Bahari hatuichafui, tunaogelea humo humo.


Mama2Wawili

Dada samahani, sina nia mbaya, lakini hapo si mnawatesa watoto? Mtoto wa miaka mitano anazungukwa na maji pande zote. Mimi wangu akikaribia ndoo ya kufulia napata presha.


MamaNgama

Swali lako la haki kabisa, mama mwenzangu, na mwanzoni nililia nalo usiku. Tulipohamia mdogo alikuwa na miaka miwili. Nilimfunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mlingoti, urefu wake unaishia hatua moja kabla ya ukingo. Watu wa ufukweni walisema tumemfuga mbuzi. Kisha tukaomba nyavu chakavu kwa wavuvi wa Msasani, tukazizungushia kwenye vyuma vya pembeni vyote, kimo cha kifua changu. Hiyo kazi niliifanya mwenyewe, fundo kwa fundo, wiki mbili.

Sheria ni moja: hakuna kupanda sitahani bila jaketi okozi, hata kama bahari imelala, hata kama unakwenda kuanika soksi. Na sisi wakubwa tunavaa, maana mtoto anafuata anachokiona. Mkubwa alijua kuogelea ndani ya mwezi mmoja, mdogo alianza kuelea akiwa na miaka mitatu na nusu. Mimi mtu wa Singida nilichukua mwaka.

Kinachonisumbua kweli ni shule. Ufukweni tunavuka kwa kiboti kidogo, mabaharia wanakiita dingi, kwa hiyo kwetu mtoto akisema "dingi kafungwa kamba" msishtuke. Siku za bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, maji yanajaa saa kumi alfajiri na yanakupwa saa nne asubuhi. Tukitoka saa kumi na mbili tunafika kwa kasia. Tukichelewa mpaka saa moja tunavuta kiboti kwenye tope, mimi gauni limefungwa kiunoni, watoto wamekaa humo kama masultani. Binti ameandika ratiba ya maji kwenye daftari la hesabu, anajua bamvua inafuata mwezi mpevu na mwezi mchanga, akaja kumbishia mwalimu wake kwamba maji hayajai saa ile ile kila siku. Nikaitwa shule. Nikaenda, nikamwambia mwalimu mtoto yuko sahihi, kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Viatu na madaftari vinasafiri kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Zamani ningesema mfuko wa rambo, lakini imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kiukweli ndoo ni bora, inaelea.

Kuna siku moja tu niliyosema basi, narudi nyumbani kwa mama. Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wametangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Mwenzangu akataka abaki kulinda chombo. Nikamwambia chombo kina mbao, wewe una watoto. Tukaongeza nanga ya pili, tukateremsha turubai, sola na kila kinachoweza kushika upepo, tukafunga matundu, tukaenda Mbagala kwa mama mkwe. Tarehe 4 kikafika upande wa Mafia, sisi huku tukapata upepo na mvua. Mama mkwe hakusema neno kuhusu kiwanja. Alitupikia tu ubwabwa na kutuangalia, ambayo ni mbaya zaidi. Tuliporudi boti ilikuwa pale pale, ngama ina maji ya mvua mpaka magotini, pampu imemaliza betri.


Mama2Wawili

Nimesoma mara mbili. Bado mimi siwezi, ila nimekuheshimu. Hiyo ya kumfunga mbuzi nimecheka mpaka mume wangu kaja kuuliza.


InjiniaWaZege

Umesema mmeongeza nanga. Kwani nanga ya kudumu mmetumia nini? Niliona jamaa mmoja amejaza zege kwenye pipa akalitosa, akasema ni kilo mia nne, boti haiendi popote.


FundiBomba77

Jamaa huyo amedanganywa na mizani ya nchi kavu. Zege likizama linasukumwa juu na maji, linapoteza kama asilimia 40 ya uzito. Hizo 400 zikifika chini zinabaki kama 230. Chuma kinapoteza kama asilimia 13 tu. Na pipa ni la duara, likivutwa linabingirika. Kama ni lazima zege, lifanye bapa, lizame kwenye tope, na mnyororo uwe mrefu.


MamaNgama

Sisi tulianza na pipa hilo hilo, sitaki kusema zaidi. Asubuhi moja tuliamka dirisha linatazama upande mwingine. Sasa ni kipande cha chuma cha injini kubwa tulichonunua Gerezani kwa kilo, na mnyororo mzito. Hapa Msasani rasi inatukinga na kusi, upepo wa kaskazi ndio unaotutingisha, kuanzia Desemba mpaka Machi vikombe vyote vinalala kwenye beseni.

Na mnaokuja na mawazo ya kwenda kuweka makazi Bongoyo au Mbudya, msijaribu. Ile ni hifadhi ya bahari, huwezi kutupa nanga unapotaka, na nanga inavunja matumbawe. Chombo pia kisajiliwe na kikaguliwe, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndio wenye kazi hiyo. Sisi mkaguzi alituambia tuongeze vizima moto, tukaongeza. Alikuwa na haki.


SolaMtaani

Umeme je? Na jiko? Msiniambie mkaa kwenye boti ya mbao.


MamaNgama

Sola paneli mbili za wati 150, betri mbili. Jua la Dar likiwa zuri tunapata kama yuniti moja kwa siku baada ya hasara zote. Friji ndogo ya volti 12 inakula nusu yake. Feni mbili, taa, simu na pampu vinagawana iliyobaki. Pasi hakuna, televisheni hakuna. Sare za shule nazikunja zikiwa na unyevu kidogo na kuzilalia chini ya godoro, zinatoka zimenyooka.

Waya ndio uliotuumiza. Tulitumia waya wa kawaida wa nyumba, hewa ya chumvi ikapenya chini ya plastiki, kopa ikawa nyeusi inapukutika. Taa zinafifia, mnalaumu betri, mnanunua betri, kumbe ni waya. Sasa tunatumia ule uliopakwa bati, na kila kiungio tunakipaka grisi.

Jiko ni gesi, mtungi wa kilo 6. Hapa naomba msome polepole. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja inaweza kutoka mlangoni. Kwenye boti inashuka, inakwenda kukaa ngamani na kusubiri, na pampu ikiwaka na cheche yake ndiyo mwisho. Kwa hiyo mtungi wetu unakaa nje, sitahani, kwenye sanduku alilojenga Baba Watoto lenye tundu chini linalotokea baharini, ikivuja imwagike nje. Kila Jumamosi napaka povu la sabuni kwenye viungio, likitoa mapovu tunabadilisha mpira. Nikimaliza kupika nafunga kwenye mtungi, si kwenye jiko.

Jiko lenyewe linaning'inia kwenye vyuma viwili ili mawimbi yakija lenyewe libaki wima. Mkaa wa zamani wa majahazini ulikuwa unawashwa kwenye sanduku la mchanga, na mwenzangu alitaka kujaribu kwa ajili ya mishikaki. Tulijadiliana. Hatukujaribu.


NahodhaMstaafu

Umefanya vyema kukataa. Sasa bibie hujasema la muhimu. Tumbo la chombo je? Mbao za majini zina wadudu wanaozitoboa ndani kwa ndani, nje huoni ila kitundu kama cha sindano. Sisi tulikuwa tukikiweka chombo juu ya mchanga, tukikichoma kwa makuti yanayowaka, haraka haraka, moto upite usikae, wadudu wafe. Kisha kalafati, yaani kuziba viungo kwa pamba, kisha deheni, yaani shahamu na chokaa. Juu ya maji tulipaka sifa, mafuta ya maini ya papa.


MamaNgama

Mzee, sifa tulipaka mwaka wa kwanza. Harufu yake nilipanda nayo daladala ya Mwenge, nikapewa siti mbili peke yangu.

Tumbo tunalifanya mara moja kwa mwaka na sasa ndiyo zamu yake. Kwa msiojua, hatuna gari la kuinulia boti, tunalitumia bamvua. Saa kumi alfajiri maji yakiwa juu kabisa tunaisukuma mpaka kwenye mchanga, tunaiegemeza kwa magogo pande zote. Maji yanatoka yanaiacha pale. Kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri tunafanya kazi kavukavu, saa kumi jioni yanarudi yanaibeba. Upande mmoja leo, upande wa pili kesho. Ukikosea siku, maji ya kesho yakawa mafupi kuliko ya leo, umepwelewa, unasubiri bamvua nyingine wiki mbili huku boti imelala ubavu na friji imelala ubavu na wewe umelala ubavu. Ilitukuta. Nilipika ugali siku kumi na tatu kwenye sakafu iliyoinama, sufuria nimeiwekea kigogo chini ya sikio moja.

Na usiiache nje muda mrefu kwa kudhani inapumzika. Mbao zikikauka zinasinyaa, viungo vinafunguka, siku unairudisha majini inaingiza maji kama kikapu mpaka zivimbe tena.

Kalafati tunaifanya kama alivyosema mzee: uzi wa pamba uliochovywa mafuta ya nazi, unaupigilia kwenye kiungo kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Fundi mzee wa Kunduchi ndiye aliyemfundisha mwenzangu. Alimwambia asikilize sauti. Pamba ikiwa haijajaa nyundo inalia "tofu", ikijaa inalia "ngo". Baba Watoto anasikiliza injini maisha yake yote, alishika ndani ya saa moja. Mimi bado zote nasikia "tofu".

Mwaka jana tulikuta ubao mmoja upande wa kushoto umeliwa. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini. Tukaukata, tukapachika kipande cha mvule, misumari iliyopakwa zinki. Kuna mtu ufukweni alitushauri tupake faiba boti nzima tusahau habari za pamba. Mwenzangu alikataa. Mbao zinavimba na kusinyaa, faiba haitembei nazo, maji yanaingia katikati na kuozesha mbao gizani, unagundua siku ukiwa umechelewa. Choo ndicho tulichokipaka faiba, na hicho kimekaa vizuri sana.


KijanaWaTandika

Mama, mimi nimeshaacha kubisha. Naomba kuuliza kistaarabu: nikija kusaidia hiyo siku ya kuweka mchangani mnalipa?


MamaNgama

Mwanangu, hatulipi, tunalisha. Bamvua ni Jumamosi na Jumapili hii, boti inapanda mchangani alfajiri lakini kukwangua kunaanza saa mbili. Atakayekuja aje na viatu vyenye soli, si kandambili, maana chaza walioganda chini ya boti wanakata kama wembe. Vikwangulio tunavyo vitatu, mwenye chake alete. Glovu pia.

Chakula ni samaki wa Feri na muhogo wa nazi. Mmoja mnene nimeshautenga pembeni. Baba Watoto ameniambia niache mambo hayo, tuna vizibo sita. Nimeutenga tu.